Mwalimu Asiyelalamikiwa

Mhadhiri alichomeka mswaki kwenye mfuko wa koti, pembeni ya kalamu.

"Wa nini huo?" mkewe aliuliza, kisha akakohoa. Kikohozi hicho kilikuwa kimemganda muhula mzima.

"Wasema ukweli hawajui watalala wapi."

Barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo ilikuwa mezani tangu juzi. Alikuwa ameishia mstari wa kwanza. Aendelee ya nini, wakati sababu anaijua? Yeye ndiye Ngurumo, jina alilopewa na watangazaji wa redio kwa jinsi anavyowachachafya wakubwa wa chuo hewani kila asubuhi. Sasa wameamua kumfukuza. Kazi itaondoka, na nyumba hii ya chuo nayo, na watoto ndani yake.

"Baba watoto, omba radhi tu yaishe," mkewe alisema. "Mimi nimechoka."

"Niombe radhi kwa kutumia uhuru wangu wa kitaaluma?" Alimpangusa kitu cheupe kwenye mkono wa gauni, unga, bila shaka. Mwanamke huyu walisoma naye shahada ileile, tena akampita alama, lakini sasa mumewe humwona wa jikoni tu. "Hebu niambie. Tangu muhula uanze, umesikia mwanafunzi wangu hata mmoja akilalamika?"

"Sijasikia."

"Basi! Hao ndio ngao yangu."

Akatoka kwa mikogo, hata miwani akaisahau.

Nje ya chumba cha kamati alimkuta binti mmoja amekaa kwenye benchi, anafinyangafinyanga leso. Binti akasogea kumpisha.

"Shikamoo, mzee. Na wewe una kesi?"

"Marahaba. Ninayo, binti yangu."

"Pole. Mimi nimekuja kutoa ushahidi. Wanataka kumfukuza mwalimu wetu." Akalitaja somo, na Ngurumo akajiweka sawa kwenye benchi, maana somo lilikuwa lake. "Anatufundisha hata akiwa mgonjwa. Insha zetu anazisahihisha moja moja. Na haogopi mtu! Tunabishana naye darasani, tukimshinda kwa hoja anafurahi. Wakimwondoa huyo, mimi shule imenishinda."

Alijua binti anatia chumvi, lakini chumvi yenyewe ilimkolea mpaka machozi yakamlenga. Alitaka kujitambulisha, akaona asije akamvuruga shahidi. Kwamba binti hakumtambua haikumsumbua. Taa ya pale nje ilikuwa hafifu, na koti lilikuwa jipya.

Ndani, mwenyekiti wa kamati alifungua faili. "Shtaka linalokukabili ni kwamba..."

"Nalijua!" Ngurumo alinguruma, mswaki ukachungulia mfukoni. "Mnataka kuniziba mdomo! Mhadhiri asiyekuwa huru darasani ni kasuku wa kuajiriwa! Nifukuzeni, lakini kwanza mwulizeni aliyeketi mbele yangu akanisikiliza. Shahidi yuko nje!"

Wajumbe walitazamana. Mmoja alimmiminia maji, kisha akayanywa mwenyewe. Binti akaitwa.

"Wewe ni kiongozi wa darasa," mwenyekiti alisema. "Tuambie kweli. Mwalimu wenu huwa anaingia darasani?"

"Kila kipindi, mwenyekiti. Hajakosa hata kimoja."

Mwenyekiti aliirudia karatasi yake, akaisoma upya toka juu. Ngurumo mwenyewe alishtuka kidogo, lakini akawahi kutikisa kichwa kukubali.

"Una hakika? Kila kipindi?"

"Kila kipindi. Asubuhi na mapema tunamkuta ameshajaza ubao."

"Mnasikia?" Ngurumo alisema, safari hii kwa sauti ya chini kidogo.

"Basi kwa ajili ya kumbukumbu," mwenyekiti alisema, "hebu tuonyeshe mwalimu wako."

Binti aliwapitia wajumbe mmoja mmoja, akatazama mpaka nyuma ya pazia.

"Hajafika."

"Na huyu je?"

"Huyu mzee?" Binti alimwangalia Ngurumo kwa huruma. "Huyu nimekaa naye benchi moja tu hapo nje. Ana kesi yake nyingine."

Mlango ukagongwa. Mke wa mhadhiri akachungulia, anakohoa, miwani ya mumewe mkononi.

Binti akasimama wima.

"Shikamoo, mwalimu!"