Filamu ya Marehemu

Muuzaji aliitemea mate lenzi, akaifuta kwa pindo la shati, kisha akamkabidhi Zulfa. Zulfa aliipokea kwa ncha za vidole. Fedha zake zilitosha kamera moja kuukuu na lenzi moja, ili aifungue tena studio ya marehemu baba yake.

“Safi kabisa hiyo, dada.”

Zulfa aliichukua kamera iliyokuwa mezani. Kama alivyofunzwa na baba yake, kabla ya kuufungua mgongo wa kamera alikizungusha taratibu kile kishikio kidogo cha kurudishia filamu. Kikakaza.

“Humu mna filamu. Kamera hii ilikuwa ya nani?”

“Ya marehemu Lwambano wa mtaa wa pili. Mjane wake kaileta jana. Hebu niing'oe hiyo takataka.” Kidole chake kilikwisha kufika kwenye kifuniko cha mgongo wa kamera, na jua la adhuhuri lilikuwa limejaa mezani.

Zulfa akakifunika kifuniko kwa kiganja. “Ukifungua hapa, picha zote zitaungua kwa mwanga.”

“Kumbe zina thamani?” Muuzaji akatabasamu. “Basi filamu nayo utailipia.”

Zulfa aliirudisha lenzi mezani, akatoa fedha zote alizokuwa nazo kulipia kamera na filamu, akaondoka na kamera bila kuaga. Studio ingesubiri; picha hizo zilikuwa za mjane.

Katika mtaa wa pili alipiga hodi nyumbani kwa marehemu Lwambano. Alisimama mlangoni, kamera kifuani, kiganja kimeliziba tundu lililokosa lenzi, akizisikiliza nyayo za mjane zikija polepole.