Mashine ya Fenesi

"Sogea pembeni, mama. Mashine hii nimeibuni mwenyewe, inamenya na kutoa moyo. Kazi yako imekwisha."

Mariana akasogea. Miaka tisa kikundi cha akina mama wa Kakese kinauza mafenesi anayomenya yeye, leo anafukuzwa na kijana aliyevaa tai kuja kupasua fenesi!

Kisu kikazunguka mara mbili, kikakwama. Ulimbo ukavutika kama mlenda, ukashika gurudumu, ukashika tai, ukamgandisha vidole vyote kumi.

"Maji! Nileteeni maji na sabuni!"

Akina mama wakamgeukia Mariana. Hata mtoto wa Kakese anajua ulimbo unatolewa kwa mafuta ya kula.

"Mpeni maji mtaalamu," alisema Mariana. "Tena mengi."