Mjane na Mwandishi

Kwa miaka ishirini Zablon Mwaifunga aliandika vitabu vya kuwashawishi watu kwamba Mungu hayupo. Jumapili moja, mvi kichwani, alisimama kanisani, akaomba kubatizwa. Vigelegele vikalipuka.

Mama mmoja hakushangilia. Alikuwa mjane wa mwinjilisti wa kanisa lile. Alijikongoja mpaka mbele, akamtazama usoni.

"Mume wangu alikisoma kitabu chako akiwa kitandani, anaumwa," alisema. "Siku ya mwisho nilitaka kumwombea, akanisukuma mkono. Akasema, 'Acha, Tusekile, hakuna anayesikia.' Akakata roho."

Zablon alipiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilikosea."

"Wewe umepata muda wa kubadili mawazo. Yeye je, nani atamwambia?"

Mchungaji alikohoa, akamwinua Zablon, akamwongoza haraka kwenye bwawa la ubatizo. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi.

Alipoibuka, kanisa zima lilikuwa likiimba kwa furaha. Alifuta macho, akamtafuta mjane. Alikuwa ameshatoka nje, anafungua mwavuli juani, na hakugeuka nyuma.