Mfuniko wa Tangi

Kipimo cha hewa kilipoanza kulia mdomoni mwa tangi la majitaka, afisa usalama aliurudisha mfuniko wa chuma, akaukalia.

Meneja wa kiwanda, mjomba wake aliyemtafutia kazi hiyo, alimjia mishipa ya shingo imemtoka.

"Inuka, mwanangu. Vibarua washuke wazibue, mitambo imesimama."

"Humo mna gesi, mjomba. Fundi aliyeshuka mwezi uliopita tumemzika."

"Ajali haina kinga."

"Ile haikuwa ajali."

"Nimekusomesha, leo unaniumbua mbele za watu?"

Chuma kilikuwa kimeshika jua kutwa, kikamchoma mapaja kupitia suruali, lakini hakusogea.

"Ulinisomesha niwalinde hawa," alisema. "Kama hewa ni safi, vua koti, utangulie wewe."

Meneja aliitazama kamba ya kushukia. Kisha akawaita walinzi waje wamwondoe.

Kibarua mmoja, mtu mzima, tayari alikuwa amejifunga ile kamba kiunoni. Aliifungua taratibu, akaidondosha chini, akaja hadi kwenye mfuniko.

"Sogea kidogo, binti," alisema, akaketi.