Majani ya Mstafeli

Mbaruku hakuwaamini madaktari, lakini aliamini kila ujumbe uliotumwa kwenye simu yake. Ndivyo alivyomwachisha mkewe, Saumu, sindano za kisukari, akawa anamchemshia majani ya mstafeli. Saumu aliyanywa bila ubishi, kwa kuwa alimpenda.

Mwezi wa tatu wa kuyanywa, alianguka jikoni. Hospitalini muuguzi aliuliza, "Nani alimwambia aache sindano?"

"Mimi," alijibu Mbaruku.

Saumu alizinduka asubuhi ya siku ya pili, jua limejaa kitandani. Akapapasa mpaka akaushika mkono wa mumewe.

"Baba Rehema, mbona hawajawasha taa?"

Mbaruku alilitazama dirisha lililokuwa wazi. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akabonyeza swichi.