Harufu ya Mahamri

Tangu simu zianze kubeba harufu, Siwema alikuwa akinywa chai ya Ijumaa na mama yake, yeye akiwa Nairobi, mama akiwa kwao, nchi ya Lumbeni. Sasa harufu za Lumbeni zilizuiwa mpakani kama bidhaa nyingine zote. Vikwazo ndivyo vilivyotaka hivyo, na vikwazo hivyo Siwema alividai mwenyewe. Alisimama mbele ya mataifa akaeleza jinsi wanajeshi wa serikali walivyouchoma mtaa wa kwao, kaka yake Kheri akiwa ndani ya nyumba. Mama ndiye aliyemtuma. "Nenda ukaseme, mwanangu. Usibakize kitu."

Leo mama aliinua sinia la mahamri mpaka likajaa kioo chote cha simu.

"Nimekupikia yale ya Idi. Unaisikia harufu yake?"

Siwema akasogeza pua hadi ikagusa kioo, akavuta pumzi ndefu. Kilinuka sabuni aliyokifutia asubuhi, basi.

"Naisikia, mama. Hiyo iliki! Mate yananitoka."

Mama akaliteremsha sinia polepole. Akachukua hamri moja, akalimega, akalitazama ndani kana kwamba kuna kitu alichokisahau humo.

"Iliki haijaingia huku tangu Ramadhani, mwanangu," akasema. Kisha akausogeza ule mmego karibu na simu. "Lakini kula. Kula, nakutazama."

Siwema akapeleka mkono mtupu mdomoni, akatafuna.