Kona ya Lusajo

Wa kwanza kuuvuka utepe wa kuzuia watazamaji alikuwa mama mtu mzima, kitenge kichwani, mwavuli mkononi. Sekela, msimamizi wa kona hiyo, alimpulizia filimbi mpaka masikio yake mwenyewe yakaziba. Yule mama alicheka tu, akadai anapita kwenda kwake. Nyuma yake kundi zima likaanza kutelemka ukingo wa barabara, kila mtu akitaka kuyaona magari ya mbio kwa karibu.

"Rudini juu," Sekela aliwaambia. "Kwenye kona hii hasimami mtu leo."

Aliwarudisha wote mpaka nyuma ya kanisa, mahali ambapo kona yenyewe haionekani, yanaonekana mavumbi tu. Aliyebisha alishikwa mkono na mgambo wawili aliopewa Sekela. Watu walimtukana kwa Kinyiha, wakarudia kwa Kiswahili asije akakosa kitu. Mmoja alimrushia gunzi la mahindi, likampata begani, juu ya kizibao chake cha rangi ya machungwa. Alifunga utepe upya, akauzungusha mpaka kwenye shamba la kahawa lililokumbatiwa na kona, ili asipenye mtu.

Watu hawa wa Ihanda aliwajua kwa majina. Walikula wali wa harusi yake, wakamchezea ngoma mpaka jua likazama. Na mwaka uliopita, hapa hapa, wakamfanya mjane. Hilo ndilo lililomkaa kooni: si wageni, ni majirani.

Siku ile kaka yake Sekela, Gwamaka, aliendesha gari lililokuwa likiongoza mbio. Mumewe, Lusajo, alikaa kushoto kwake akimsomea ramani. Gwamaka alieleza baadaye, mkono umefungwa bandeji, kwamba mtazamaji mmoja alikatiza barabara ghafla. Akamkwepa, gari likaingia kwenye mibuni na kugonga mti wa mgravilea uliosimama kati ya mistari ya kahawa, upande wa Lusajo. Mtazamaji huyo alikuwa mzee Barnaba.

Barnaba alikana, kituoni na kanisani. Alisema yeye alikuwa ndani ya kahawa, barabara hakuikanyaga kabisa, gari ndilo lililomfuata alikokuwa. Lakini siku hiyo alikuwa amelewa, na wenzake waliona vumbi tu. Nani angemsadiki mlevi mbele ya dereva aliyetoka kumzika shemeji yake? Polisi walimwachia kwa kukosa ushahidi. Kijiji hakikumwachia. Kanisani alikaa benchi peke yake, na Sekela akimwona njiani alivuka upande wa pili.

Aliyemshika mkono Sekela katika yote hayo ni Gwamaka. Alisimamia msiba, akamlimia shamba msimu mzima. Siku moja alikuja na msumeno, akauangusha ule mgravilea, akang'oa na kisiki chake, ili dada yake akipita pale asiuone tena. Sekela alilia kwa shukrani.

Na mbio ziliporudi, Gwamaka ndiye aliyewaomba waandaaji wampe Sekela kona hii, kwa maana hakuna atakayewaweza watu wale kama yeye. Sekela alimwambia hawezi kupatazama mahali pale.

"Usipatazame," Gwamaka alimjibu. "Msimamizi hutazama watu. Magari yape mgongo. Ila kwenye kahawa asiingie hata mmoja, dada yangu. Nakuomba."

Leo, Sekela alikuwa ameshamaliza kufunga utepe Barnaba alipofika. Hakuwa amelewa. Alivaa koti la kanisani, viatu vimepakwa dawa. Hakugusa utepe, alisimama mbele yake kama mtu aliye mlangoni pa watu.

"Mwanangu," alisema, "niache nisimame ndani ya kahawa, palepale nilipokuwa. Na wewe usimame nami. Sitaki kingine."

Sekela alimsogelea mpaka kwenye utepe. "Umeniulia mume, baba. Sasa unamtaka na kaka?"

Aliwaita mgambo. Walimburura mzee wa watu kupanda kilima, kiatu kimoja kikabaki njiani. Waliokuwa wakipiga kelele kule juu wakanyamaza, na ukimya ule ukamuuma Sekela kuliko gunzi.

Magari yakaanza kuja. Sekela aliyapa mgongo kama alivyofundishwa, macho kwa watu, na kila gari akalijua kwa masikio: ngurumo, kisha breki kwenye kona, kokoto zikimwagika, kisha ngurumo tena ikielekea Vwawa. Vumbi lilimtua shingoni. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alijiona amefanya jambo. Laiti mwaka jana angekuwepo mtu wa kuwazuia hivi, Lusajo angekuwa hai.

Kisha watu walilitaja jina la Gwamaka, na ngurumo nyingine ikaja, kubwa kuliko zote. Sekela alisubiri breki.

Breki hazikulia.

Alijua kuna mtu amemtoroka, ameingia njiani, na kaka yake anakufa kama alivyokufa mumewe. Akageuka huku jina la Gwamaka likimtoka kinywani.

Gari lilikuwa limeacha barabara kabla ya kona. Lilipita kati ya mistari miwili ya mibuni, palepale uliposimama mgravilea, bila kupunguza mwendo, bila kuyumba, kama mtu anayepita uani kwake, likatokea upande wa pili na kushika tena njia ya Vwawa.

Barabarani hapakuwa na mtu.